Barua kwa mwanangu: jemedari wako hajakataa kuambiwa

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini jemedari wa tamthilia yako anaanguka na hakuna mtazamaji anayeumia, ilhali umemjaza kiburi tangu onyesho la kwanza. Nimeusoma mswada mara mbili. Anajigamba kurasa nne, anapigwa na radi, pazia linashuka. Katikati hapo sikumwona mtu hata mmoja aliyemwonya.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili kina fahari, maringo, majivuno, kiburi na jeuri, na kila moja lina kazi yake jukwaani. Mwenye maringo huchekesha, mwenye majivuno huchosha. Kiburi huanza pale mtu anapokataa kuambiwa, na jeuri pale anapowadhalilisha wengine kwa sababu tu anaweza. Hubrisi ya Wagiriki wa kale, ambayo wanafunzi wengi huitafsiri "majivuno", ilikuwa karibu zaidi na jeuri: katika Athens mtu angeweza kushtakiwa kwayo mahakamani. Na Aristotle, alipoeleza kwa nini mhusika wa tanzia, yaani tamthilia inayoishia kwa maafa, huanguka, alitumia neno hamartia, yaani kukosea. Mkosaji tunamhurumia, anayeadhibiwa na radi tunamtazama tu. Jemedari wako hadi sasa ana majivuno, basi.

Sasa mtazame Kreon, mfalme wa Thebes katika Antigone, tamthilia ya Mgiriki Sophocles. Amepiga marufuku maiti ya Polynices, kaka yake Antigone, kuzikwa. Antigone anamfukia kwa vumbi, naye anahukumiwa kufungiwa pangoni akiwa hai. Hesabu wanaomsemesha mfalme: korasi, yaani kundi la wazee wanaosema kwa pamoja jukwaani, Antigone mwenyewe, kisha Haemon, mwanawe na mchumba wa Antigone, na mwisho Tiresias, mbashiri kipofu. Haemon anampa mfano wa miti inayoinama mafuriko yanapopita ikasalimika. Kreon anachosikia ni kijana anayetaka kumfundisha mzee. Tiresias anaposema, anaambiwa amehongwa. Kila onyo linapomfikia Kreon hugeuka shambulio juu ya cheo chake, na hapo ndipo kiburi kinapofanya kazi: masikio ni mazima, tafsiri ndiyo iliyooza.

Halafu anakubali! Hili wengi hulisahau. Korasi inamwambia amtoe msichana kwanza, kisha aizike maiti. Yeye anaanza na maiti: inaoshwa, inachomwa, tuta linarundikwa juu yake. Anapofika pangoni Antigone ameshajinyonga. Haemon anajiua mbele ya baba yake, na mama yake, Eurydice, anajiua nyumbani. Kreon anabaki hai. Ingetosha abadilishe mpangilio wa kazi mbili. Hasara yote wanailipa wengine, na yeye anaachwa aihesabu. Linganisha na radi yako, inayomuua aliyekosea peke yake na kumaliza deni papo hapo.

Katika Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere, angalia jinsi mwonyaji na msifuji wanavyowekwa karibu. Kalpurnia, mkewe Kaizari, ameota sanamu ya mumewe ikitoka damu, na Kaizari amekwisha kukubali kubaki nyumbani. Anaingia Decius, mmoja wa waliokula njama ya kumuua, anaifasiri ndoto ileile kuwa ya heri, na Kaizari anatoka. Njiani Artemidorus, anayeijua njama hiyo, anamsihi asome barua yake ya onyo kwanza kwa kuwa inamhusu yeye. Anajibiwa kwamba linalomhusu Kaizari litashughulikiwa mwisho. Jibu hilo linasikika kama uungwana, na ndiyo maana linatisha. Kisha anajilinganisha na nyota ya kaskazini isiyotikisika, na baada ya mistari michache tu visu vinamwingia. Majigambo yake makubwa yako pale, ukingoni kabisa. Wewe umeyamaliza ukurasa wa nne.

Kuhusu swali lako la pili, kiburi cha mhusika kitoke wapi: mara nyingi hutoka kwenye woga. Okonkwo, mhusika mkuu wa riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), anaogopa kufanana na baba yake, Unoka. Mzee Ezeudu anamwonya asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana anayemwita baba. Anashiriki, na panga analishusha mwenyewe, asije akaonekana dhaifu. Nwoye, mwanawe wa kumzaa, anaanza kumponyoka tangu hapo. Mwishoni Okonkwo anajinyonga, na watu wa ukoo wake hawaruhusiwi kumzika. Unoka naye hakupata kaburi. Woga umemfikisha palepale alipokuwa akipakimbia.

Ukitaka kiburi kisicho na mhusika mmoja, rudia Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Matajiri wa Pate, mji wa kale uliogeuka magofu, hawahukumiwi kwa hotuba. Mshairi anauonyesha moyo wake majumba yao, popo wakining'inia juu na makinda ya ndege wamelala kwenye madaka, vishubaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa sahani. Madaka yale yanatosha.

Basi kazi yako ni hii. Majigambo ya mwanzo yabaki nusu ukurasa, na yawe ya kweli: tuone vita alivyoshinda, maana bila fahari ya halali hakuna cha kuharibika. Yule mtunza ghala uliyempa mistari miwili mpe onyesho zima, aje na habari ya visima kukauka, na jemedari amjibu kwa sababu ambayo hata mimi ningeiona ya busara. Msifuji aingie palepale, kabla mtunza ghala hajatoka. Onyo la pili litoke kwa mtu anayempenda. La tatu alikubali, lakini aanze na kazi isiyo ya kwanza. Maonyo yasizidi matatu au manne. Ukiongeza, mtazamaji atamwona mpumbavu na huruma itakatika.

Nitumie onyesho la pili likiwa tayari. La radi usinitumie tena.

Mama yako