Vifuko vyeupe juu ya kiwavi si mayai yake

SWALI: Nina bustani ya sukuma wiki na chainizi hapa Kigamboni. Nimeona viwavi weusi wanaotoboa majani, na mmoja wa kijani aliyebandikwa vitu vyeupe mithili ya punje za mchele. Jirani yangu anasema hayo ni mayai, niyaponde upesi, na kwamba wale weusi ni watoto wa nyigu. Je, kuna nyigu anayekula majani?

JIBU: Yupo, na huenda jirani yako amepatia kuhusu wale weusi, lakini tafadhali usiponde vile vyeupe. Hivyo ni vifuko vya hariri vya nyigu kidusia, yaani nyigu anayetaga ndani ya mwili wa mdudu mwingine. Mabuu wake humla kiwavi angali hai, kisha hutoboa ngozi yake, hutoka na kujisokotea vifuko ambamo hugeuka kuwa nyigu wadogo kuliko inzi. Kiwavi huyo hatakuwa nondo kamwe. Nyigu wa namna hii, aliyeletwa kutoka Amerika ya Kusini na kuachiliwa Nigeria mwaka 1981, ndiye aliyeukomboa muhogo wa Afrika dhidi ya mdudu mweupe anayefanana na unga.

Nyigu ambaye watoto wake hula majani ni nyigu-msumeno; ni ndugu wa nyigu kidusia, ila hana kile kiuno chembamba, na mrija wake wa kutagia una meno ambayo kwayo hupasua jani na kupachika yai humo. Wanaoshambulia jamii ya kabichi kwetu ni wa jenasi Athalia. Ili uwe na hakika, hesabu miguu ya nyama iliyo nyuma ya ile sita ya mbele: kiwavi wa nondo kwa kawaida hazidishi jozi 5, ilhali wa nyigu-msumeno ana jozi 6 au zaidi. Hesabu hiyo ina faida, kwa maana dawa ya bakteria inayouzwa kwa ajili ya viwavi wa nondo haimdhuru huyu, na sumu kali ya kupulizia itawaua vidusia pamoja naye.

Kiwavi mwenye vifuko mwache palepale alipo. Wale weusi waokote kwa mkono, na kwa kuwa hujikunja na kuanguka wanapoguswa, tanguliza chini ya jani bakuli la maji ya sabuni.