Kabla ya kushika kalamu: ushauri kwa wanaoandaa kitabu cha mapishi na Waaborijini

Kwenu mnaoanza kazi za lishe katika vituo vya afya vya jamii huko Australia: mkipewa jukumu la kuandaa kitabu cha mapishi bora kwa afya pamoja na Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, msianze na mapishi. Anzeni kwa kukubaliana kitabu ni cha nani.

Ukifika na orodha yako ya saladi na supu, kisha ukawaomba wazee waitie ladha ya kienyeji, kitabu hicho tayari ni chako, si chao. Waacheni wazee waseme nini kiingie na nini kisiingie. Yapo maarifa ya wanawake peke yao na mengine ya wanaume, na wapo watu wasiomla mnyama fulani kwa sababu ndiye totemu yao, yaani mnyama anayehesabiwa kuwa ndugu wa ukoo. Wekeni kwenye maandishi nani mwenye hakimiliki, fedha za mauzo ziende wapi, na kwamba mtu anaweza kuliondoa pishi lake. Sheria ya hakimiliki humlinda zaidi yule aliyeandika maneno. Maarifa yaliyorithiwa na ukoo mzima huachwa wazi, kwa hiyo karatasi hiyo ndiyo kinga yao. Tena, katika jamii nyingi jina au picha ya marehemu haionyeshwi bila ridhaa ya familia. Waulizeni mapema wahusika na ndugu zao.

Msiandike pia kana kwamba Waaborijini wote wana jiko moja. Kabla Waingereza hawajaja kukaa mwaka 1788 kulikuwa na lugha zaidi ya 250, na vyakula vya jangwani si vya pwani. Wanoongar wa kusini-magharibi huhesabu misimu 6, kuanzia Birak wakati wa joto hadi Kambarang wakati wa maua. Kwao, kitabu kilichopangwa kwa misimu hiyo kina maana kuliko sura za vitafunio, mlo mkuu na vitamutamu.

Suala la afya lataka moyo wa upole. Kwa miaka mingi watu waliowekwa kwenye misheni na mashamba ya mifugo walilishwa posho ya unga, sukari na majani ya chai, na damper, mkate wa unga wa ngano uliookwa kwenye makaa, ukaingia katika maisha ya familia. Mtu anaupenda kwa sababu bibi yake aliupika. Usiukemee. Mwaka 1982 mtafiti Kerin O'Dea alifuatana na Waaborijini 10 wenye kisukari waliorudi kuishi porini huko Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, kwa wiki 7, wakila walichowinda na kuchuma; walipungua kilo 8 kwa wastani na sukari ya damu ikashuka sana. Habari hiyo ielezeni kwa fahari: chakula cha wazee wao kilikuwa na nguvu, na nyama ya kangaruu hadi leo ina mafuta machache mno.

Kwenye usalama msiruke hatua hata moja. Mboga ya majani iitwayo warrigal huchemshwa kidogo na maji yake humwagwa, kwa sababu ya oksalati, kemikali ya asili inayodhuru ikizidi mwilini. Nardoo, jimbi la majini linalosagwa kuwa unga, nayo ni kama mihogo michungu ya kwetu: ukiikosea maandalizi, inakudhuru. Mwaka 1861 wavumbuzi Burke na Wills waliila wakazidi kudhoofika hadi kufa, na wataalamu wengi wanaamini hawakuiandaa kama Wayandruwandha, wenyeji wa pale. Kaeni na anayejua, mpike pamoja, mwandike kila anachofanya mkono wake, hata kile asichokitaja kwa kuwa kwake ni kawaida.

Mwisho, pikeni kila pishi katika nyumba ya mtu, si katika jiko la ofisi. Vijiji vya mbali vina duka moja, mboga mbichi ni ghali, na nyumba nyingine hazina oveni inayofanya kazi. Pishi lisilowezekana kwa sufuria moja au kwa makaa, lirudisheni kwa wazee walirekebishe kabla ya kwenda kwa mchapishaji.