Muulize Fundi: Defender inayochoka mlima wa Mai Mahiu

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Nina Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, dizeli, injini ya 300Tdi, niliyoachiwa na marehemu mjomba. Kwenye tambarare gari halina neno. Juzi nimelishusha hadi Voi bila taabu. Shida ni kupanda kutoka Mai Mahiu kuja Limuru. Naanza vizuri kwa gia ya nne, halafu katikati ya mlima nikikanyaga mafuta linazidi kulegea, narudi gia ya tatu, ya pili, na matrela yananipita. Moshi hautoki. Nikisimama pale wanapouza kofia na ngozi za kondoo, nikapumzika dakika kumi, linaondoka na nguvu zake zote, kisha mbele kidogo linarudia yale yale. Fundi wangu alibadilisha filta ya hewa, hakuna tofauti. Sasa anasema turbo na pampu ya injekta zimekufa, ninunue zote mbili. Nifanyeje?
Msomaji, Kinoo

JIBU: Ndugu yangu wa Kinoo, pole sana. Turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, usinunue bado, na hiyo pampu ya injekta, yaani pampu kubwa inayosukuma mafuta hadi kwenye injini, isifunguliwe na mtu yeyote kwa sasa. Umeandika jambo ambalo natamani kila mteja angeniambia kabla sijashika spana: gari likipumzika dakika kumi, nguvu zinarudi. Turbo iliyokufa haiponi kwa kupumzika. Pampu ya injekta iliyochakaa ndani nayo husumbua zaidi injini ikiwa moto, hasa kwenye kuwasha, na wewe hujalalamika kuhusu kuwasha.

Kuhusu moshi, utaambiwa kwamba dizeli ikikosa hewa hutoa moshi mweusi na ikikosa mafuta haitoi kitu. Ni kweli, ila kwa 300Tdi uwe mwangalifu. Juu ya pampu yake ya Bosch kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na upepo wa turbo. Upepo ukija, kiwambo kinashuka na mafuta yanaongezwa. Upepo usipofika, mafuta hayaongezwi, na gari linaweza kuwa dhaifu bila moshi wa maana. Kwa hiyo moshi peke yake sikuutegemea. Nimetegemea zile dakika kumi, na hizo zinanielekeza upande wa mafuta, kati ya tangi na pampu kubwa.

Safari ya Voi pia isikudanganye. Huko unashuka muda mwingi, na hewa inazidi kuwa nzito. Limuru iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Injini yako ni ya lita 2.5, nguvu za farasi 111 ilipotoka kiwandani, na inabeba gari la karibu tani mbili. Mlima ule unaidai kila ilicho nacho kwa dakika nyingi mfululizo. Kwenye tambarare inakunywa kidogo, hivyo hata njia ya mafuta iliyoziba nusu inaitosha. Mlimani inataka mafuta mengi, na hayaji.

Kabla ya kulala chini ya gari, maliza mambo matatu ya haraka. Mtu akanyage mafuta hadi mwisho huku wewe ukitazama kwenye injini kama mkono wa pampu unafika kwenye skrubu yake ya mwisho. Kebo ikilegea au kapeti nene likikaa chini ya pedali, unaendesha kwa nusu bila kujua. Pili, mlimani sikiliza: injini ikipandisha mlio na gari lisiongeze mwendo, hiyo ni klachi. Tatu, baada ya mwendo mrefu usiotumia breki, karibisha mkono kwenye kila gurudumu. Lililo moto kuliko mengine lina breki inayoshika.

Sasa mafuta. Siku gari litakapochoka tena, simama mahali salama na ufungue kifuniko cha tangi kabla ya kitu kingine chochote. Ukisikia linavuta hewa kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na tangi linajibana lenyewe. Kama kimya, endelea. Badilisha filta ya dizeli, na ile kuukuu uikate kwa msumeno, uikunjue karatasi yake juani. Tope jeusi, kutu au utelezi vitakwambia hali ya tangi. Kama gari lako lina kile kikombe cha kukamata maji kwenye chasisi karibu na tangi, kifungue pia. Nimeona magari yaliyobadilishwa filta miaka yote na kile kikombe hakijawahi kuguswa, kwa sababu hakionekani ukifungua boneti.

Halafu kuna ile pampu ndogo iliyo ubavuni mwa injini, inayovuta mafuta kutoka tangini. Ndani ina kiwambo chake, na inasukumwa na kamshafti, ule mhimili wa injini unaofungua vali. Chomoa mpira wake wa kutoa, uuelekeze kwenye chupa, na upige kwa ule mkono mdogo wa chini. Kila pigo lazima litoe mafuta kwa kishindo. Mkono ukiwa umelegea bila kushika kitu, usiihukumu pampu: kamshafti imesimama mahali pabaya, izungushe injini kidogo ujaribu tena. Chomoa pia kijiti cha kupimia oili. Oili iliyopanda yenyewe na inanuka dizeli inaonyesha kiwambo cha pampu hiyo kimepasuka, na hapo usiliendeshe gari, maana oili nyepesi itakula beringi.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la mtungi. Tafuta mtungi wa lita 10, dizeli safi, mpira wa plastiki unaoonyesha ndani na kafilta kadogo ka kuweka njiani. Ufunge mtungi kwa kamba imara juu ya madigadi ya mbele, uwe juu kuliko pampu kubwa, mbali na ekzosi. Peleka mafuta moja kwa moja kwenye pampu kubwa, ukiruka tangi, pampu ndogo na filta. Mpira wa kurudisha mafuta nao uuingize kwenye mtungi huo huo, la sivyo mtungi utakauka njiani. Toa hewa kwenye mpira wa mafuta, washa, kisha panda kutoka kwako kuelekea Rironi na mzigo ndani ya gari. Gari likivuta bila kulegea, umeshajua: turbo nzima, pampu kubwa nzima, ugonjwa uko nyuma. Bado likilegea, ndipo tuanze kuzungumza habari za hewa, kuanzia na kile kimpira chembamba kinachopeleka upepo wa turbo juu ya pampu. Ufa mdogo tu hapo unalinyima gari mafuta.

Dau langu ni takataka ndani ya tangi. Injini ikivuta kwa nguvu, zinanyonywa hadi mdomoni mwa paipu na kuziba. Ukizima, mvuto unakwisha, zinaanguka chini, na unadhani gari limepumzika. Kuthibitisha, chomoa paipu inayotoka tangini pale inapoingia kwenye pampu ndogo, fungua kifuniko cha tangi na upulize kurudi nyuma polepole hadi usikie mafuta yakibubujika. Gari likiwa zima siku chache halafu likarudia, shusha tangi lioshwe. Ni kazi ya siku moja, yenye uchafu mwingi, lakini gharama yake haikaribii bei ya turbo.

Na nakuomba sana: usimruhusu mtu akuongezee mafuta kwa kuzungusha skrubu ya pampu. Naona hili likifanywa kila wiki na linaniuma. Mteja anaondoka amefurahi kwa sababu gari limechangamka, lakini joto la ekzosi limepanda pamoja na mafuta, na mlima ule ule ndio utakaoyeyusha pistoni au kupasua silinda hedi. Gari la mjomba wako limefika miaka hii yote likiwa na mpangilio wake. Liache nao.

SWALI: Prado yangu ya 1998, dizeli ya 1KZ, nikikanyaga inatoa moshi mweusi mzito na nasikia mlio wa hewa chini ya boneti. Kompyuta ya gereji haikuonyesha kosa lolote. Ni nini?
Msomaji, Umoja

JIBU: Dada yangu, hii ni kinyume cha gari la Kinoo: mafuta yapo, hewa inapotea. Kompyuta kutoonyesha kosa hakuondoi mpira uliopasuka. Upepo unaotoka kwenye turbo hubeba ukungu wa oili, kwa hiyo mahali unapovuja huacha doa jeusi lenye mafuta. Injini ikiwa baridi, pitisha vidole chini ya kila mpira kuanzia turbo hadi kwenye injini, hasa upande usiouona na chini ya klipu. Nyufa nyingi huwa kimya injini ikiwa haina kazi na hufunguka tu upepo ukija, basi uukunje mpira kwa mkono utazame. Mpira ukiwa mzima, mwambie fundi afungue vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye injini. Ikikwama wazi kwa masizi, injini inavuta moshi wake yenyewe badala ya hewa safi. Isafishwe hadi ijifunge yenyewe kwa springi yake, na gasketi yake iwe mpya wakati wa kuirudisha.