Suzuki Xbee: haibridi ya farasi watatu

Ukinunua Suzuki Xbee ukitarajia itambae kimya kwa umeme kwenye foleni kama Toyota Prius, utagombana na muuzaji bure. Haibridi yake ni nyepesi. Mota haiwezi kulisukuma gari peke yake hata mita moja. Inaisaidia injini tu, basi.

Hesabu zenyewe zinasema. Injini ya Xbee zilizouzwa hadi 2025 ni ya cc 996 yenye tabo, nguvu farasi 99. Mota, ambayo pia huzalisha umeme kama alternata na mafundi huiita ISG, ina kilowati 2.3, yaani farasi watatu hivi. Betri yake ya lithiamu ni ya volti 12 na ampea-saa 3: zidisha, unapata wati-saa 36. Mota ikifanya kazi kwa nguvu zote, betri iliyojaa itakauka kabla dakika haijaisha. Kwa hiyo nafuu ya mafuta iko mjini, ambako unafunga breki kila mara, betri inajazwa, na injini inazimika kwenye taa. Anayeendesha Dar–Dodoma au Nairobi–Mombasa kila wiki asiongeze hela kwa ajili ya neno "haibridi".

Ukienda kukagua gari, lione likiwa limelala usiku kucha. Uwashaji wa kwanza wa asubuhi hufanywa na stata ya kawaida, utaisikia. Kisha endesha dakika kumi au zaidi hadi injini ipate joto, punguza kiyoyozi, funga mkanda wa kiti, simama kwenye tambarare na ukanyage breki sawasawa. Injini izime. Ukiachia breki, ISG inaiwasha kwa kuzungusha mkanda wa injini, karibu bila kelele. Ikikataa kuzima, usikimbilie kusema mfumo umekufa. Kiyoyozi kikiwa na kazi kubwa, kama mchana wa Dar, kompyuta huiacha injini iungurume. Lakini kama kiyoyozi kimezimwa na bado inakataa, mshukiwa wa kwanza ni betri ya pili ya gari, ile ya asidi iliyo chini ya boneti.

Hapo ndipo wengi wanapoliwa. Betri za magari yanayojizima huandikwa kwa alama kama M-42, N-55 au Q-85, na herufi R mwishoni huonyesha kwamba vichwa vimegeuzwa upande. Soma iliyoandikwa kwenye betri ya zamani, nunua hiyo hiyo. Mtego uko kwenye N-55: umbo lake ni sawa na NS60 ya kawaida, kwa hiyo muuza betri atakupa NS60 ya bei nafuu na itakaa vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba haikuundwa kutoa na kupokea umeme mara nyingi hivyo kwa siku. Itachoka mapema, na injini itaacha kujizima. Ukishabadilisha, fundi mwenye mashine ya kupima afute kumbukumbu za betri ya zamani, la sivyo kompyuta itaendelea kuihesabu mpya kama kongwe. Kupima mwenyewe ni rahisi: gari likiwa limepumzika saa kadhaa, volti 12.6 ni nzuri. Chini ya 12.2, chaji kwanza.

Ukilazimika kubusti, yaani kuwasha kwa betri ya gari jingine, waya hasi ushike chuma cha injini, si kichwa cha betri. Kwenye kichwa hasi kuna sensa inayopima umeme unaoingia na kutoka, na ukiiruka itapoteza hesabu.

Mkanda wa injini nao si wa alternata ya kawaida. Huu unavutwa pande mbili: injini inaizungusha ISG, dakika inayofuata ISG inaizungusha injini. Ukisikia mlio mkali kila injini inapojiwasha, kagua mipasuko, oili iliyovuja, na tensheni yake. Mkanda wa bei rahisi wenye urefu sawa utateleza. Waambie pia vijana wa kuosha magari wasiielekezee ISG maji ya presha.

Wakati wa kuosha ndani ndipo pa kuwa macho zaidi. Betri ya lithiamu iko chini ya kiti cha abiria wa mbele, upande wa kushoto. Kule kumwaga ndoo ya maji yenye sabuni kwenye kapeti ili "litakate" ni kuiogesha betri. Kapeti isuguliwe kwa kitambaa kilichokamuliwa. Usisukume mifuko wala magazeti chini ya kiti hicho, betri inahitaji hewa. Na kabla ya kulipa, ingiza mkono pale chini: kapeti ikiwa na tope lililokauka au bolti za kiti zina kutu, gari limewahi kuingia maji. Liache.