Kwa nini 127 ni sawa na 127, lakini 128 si sawa na 128?

Swali: Nimeandika programu ya Java ya chama chetu cha akiba na mikopo. Namba za wanachama ni Integer (aina mojawapo ya namba za Java), nami nazilinganisha kwa == (alama ya kuuliza kama viwili ni sawa). Kwenye majaribio haikuwa na shida. Tulipofika mwanachama wa 128, programu ikaanza kusema hayupo, na orodhani namwona. Rafiki yangu kanishauri niiwashe Java kwa -XX:AutoBoxCacheMax=10000, na kosa limetoweka. Je, nimelimaliza?

Jibu: Hujalimaliza, ndugu yangu, umelisogeza tu. Siku mtu atakapoiwasha programu kwenye kompyuta nyingine bila amri hiyo, litarudi lilelile. Iondoe leo.

Integer ni namba iliyofungwa ndani ya obijekti, yaani kifurushi kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Ukiandika Integer a = 128, kompaila (programu inayotafsiri ulichoandika) huweka Integer.valueOf(128) kwa niaba yako. Ndivyo ilivyo tangu Java 5 ya mwaka 2004. Kuanzia -128 hadi 127, valueOf hukupa obijekti zilezile zilizokwisha tengenezwa. Nje ya hapo, kwa kawaida, hutengeneza mpya kila mara. Amri ya rafiki yako huupandisha tu mpaka huo wa 127 hadi 10000. Nayo ==, ikiwekwa kati ya Integer mbili, haiulizi kama namba zinalingana. Inauliza kama ni obijekti ileile. Majaribio yako yalifaulu kwa bahati, kwa kuwa namba zilikuwa ndogo.

Pale ambapo namba haiwezi kukosekana, tumia int, yaani namba tupu isiyofungwa ndani ya obijekti, na == itafanya kazi yake. Kwenye List (orodha) au Map (jedwali la kutafutia kitu kwa ufunguo wake) huna budi kutumia Integer, basi linganisha kwa equals, inayouliza kama thamani zinalingana, au Objects.equals kama mojawapo yaweza kuwa null, yaani hakuna kitu.

Kinachoniumiza ni yale mafunzo ya dakika kumi yanayowaambia wanafunzi, "Java hugeuza yenyewe, int na Integer ni kitu kimoja." Si kitu kimoja! Karibu kila wiki naletewa programu iliyoumizwa na kauli hiyo. Mtu anaandika int salio = akaunti.get(namba), namba haimo kwenye Map, get inarudisha null, int haiwezi kuishika null, na programu inaanguka kwa kosa la NullPointerException kwenye mstari anaoapa kwamba hauna kosa. Mwingine ana List ya Integer, anaita orodha.remove(5) akitaka kuiondoa namba 5, kumbe ameondoa kilichokaa nafasi ya 5. Alipaswa kuandika remove(Integer.valueOf(5)). Mwingine analinganisha Long (ndugu ya Integer, ya namba kubwa zaidi) yenye 5 na Integer yenye 5 kwa equals, anapata false (si sawa) kwa kuwa aina ni tofauti, kisha anamlaumu mtengenezaji wa hifadhidata.

Na anayekufundisha new Integer(128) mpaka leo, mwache. Njia hiyo ilitangazwa kuwa haifai tena tangu Java 9, mwaka 2017.

Hizo ni akiba za watu. Kabla hujaikabidhi programu kwa mweka hazina, ijaribu kwa 127, kwa 128, kwa 20000, na kwa namba ya mtu ambaye hajawahi kujiunga.