Nasahau majina, lakini kipimo kinasema niko sawa

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 64, ninaishi Tanga. Kwa miaka miwili sasa naona kumbukumbu yangu si ile niliyoizoea: majina ya wanafunzi niliowafundisha yananipotea, na mara mbili nimesahau sufuria jikoni hadi ikaungua. Hali hii inaninyima usingizi. Daktari alinipa maswali ya kupima kumbukumbu, nikayapata karibu yote, akasema huo ni uzee tu. Marehemu mama yangu alifika mahali akawa hanitambui, na majirani wakasema amerogwa. Nasikia sasa kuna kipimo cha damu kinachoonesha ugonjwa wa Alzheimer mapema. Je, nikitafute?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Pole kwa yaliyompata mama, na pole kwa maneno ya majirani, kwani ule ulikuwa ugonjwa na haukuwa uchawi.

Neno "uzee tu" silikubali. Maswali uliyoulizwa humnasa mtu ambaye kumbukumbu yake imekwisha kushuka sana. Aliyesoma na kufundisha maisha yake yote anaweza kuyajibu vizuri, ilhali mwenyewe anajua kwamba hayuko pale alipokuwa. Mwaka 2014 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali liliieleza hali hiyo rasmi, likasema inastahili uangalizi zaidi ikiwa kinachopungua ni kumbukumbu hasa, ikiwa imeanza ndani ya miaka 5 iliyopita na baada ya umri wa miaka 60, ikiwa inampa mtu wasiwasi, na ikiwa watu wake wa karibu nao wameiona. Manne ya kwanza nayasoma katika barua yako. La tano waulize wanao.

Katika ugonjwa wa Alzheimer, protini iitwayo amiloidi hujikusanya katikati ya seli za ubongo, na protini nyingine, tau, husokotana ndani ya seli zenyewe. Amiloidi inaweza kuanza kujikusanya miaka 15 hadi 20 kabla ya dalili, na huonekana kwa picha maalumu za ubongo ziitwazo PET, kwa kupima ugiligili wa uti wa mgongo na, siku hizi, kwa damu. Lakini kuwa na amiloidi si sawa na kuwa mgonjwa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta amiloidi kwa takriban 10% ya watu wa miaka 50 wenye kumbukumbu nzuri na 44% ya wale wa miaka 90. Kwa wanaolalamika kusahau huku vipimo vyao vikiwa sawa, viwango vilikuwa 12% na 43%, yaani karibu vilevile. Wengi wao watafariki bila kuugua ugonjwa huu.

Kwa hiyo kipimo hicho cha damu usikitafute sasa, wala usitoe kiinua mgongo chako kukifuata nje ya nchi. Kipimo cha damu kilichoidhinishwa Marekani Mei 2025 ni cha watu wa miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili na wanahudumiwa na wataalamu. Dawa ya lecanemab, inayoondoa amiloidi, hupewa walio katika hatua za mwanzo za ugonjwa, tena kwa kufuatiliwa kwa picha za ubongo, maana inaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu humo. Kwako jibu lolote lisingebadili matibabu, na hofu ingebaki.

Fedha yako ipeleke kwenye yanayotibika. Pima presha, sukari, homoni za tezi ya thairoidi, vitamini B12 (hasa ikiwa unatumia metformin, dawa ya kisukari) na VVU. Pima masikio pia, kwani jina ambalo halikusikika vizuri halikuingia kichwani tangu mwanzo. Mwoneshe daktari dawa zako zote, zikiwemo za usingizi na za mzio zinazoleta usingizi. Mweleze pia kama tangu ustaafu umekuwa na huzuni isiyoondoka, maana sonona huvuruga kumbukumbu, nayo inatibika.

Kuhusu mama, kuwa na mzazi aliyeugua huongeza uwezekano kiasi, lakini wagonjwa walio wengi hawakurithi jeni moja inayouleta moja kwa moja.

Baada ya mwaka mmoja rudia maswali yaleyale, ukiwa na mwanao anayekufahamu vizuri. Usingoje mwaka huo uishe ukianza kupotea njia unayoijua, au hesabu ya fedha za sokoni ikianza kukushinda.