Kabla ya kumpima presha, muulize anafanya kazi gani

Nesi mwenzangu unayetoka wodini kwenda zahanati ya kiwandani, kitakachokuchanganya kwanza ni ukimya. Hakuna foleni, hakuna raundi ya daktari asubuhi. Utadhani umepata kazi ya kupumzika. Mimi nilidhani hivyo miezi sita mizima, nimekaa mezani nagawa panadol.

Kilichoniamsha ni mzee mmoja wa kiwanda cha nguo, chumba kinachochana pamba kabla haijasokotwa. Kila Jumatatu alasiri alikuja kashika kifua: "Sista, kimenibana tena." Jumatano mzima kabisa. Nikampa dawa ya kikohozi, safari nyingine amoksilini, mwishowe nikamwona msumbufu tu. Nilijisemea labda wikiendi anakunywa. Siku nilipopanga rejista kwa idara na siku za wiki, si kwa majina, nikakuta wenzake wanne wa chumba kile kile, nao Jumatatu. Ilikuwa bisinosisi, ugonjwa wa vumbi la pamba: kifua hubana mtu anaporudi kazini baada ya mapumziko, kisha hulegea wiki ikisonga. Miaka ikipita, kubana huwa kwa kila siku. Chuoni tulifundishwa kwa mstari mmoja, na mtihani ulipokwisha nikausahau.

Kwa hiyo usiridhike mtu akikuambia "naendesha mashine". Mashine gani? Inatoa vumbi, moshi au mvuke? Nani anaisafisha, na kwa nini? Halafu vaa buti uingie ukaone. Mzee yule hakuwahi kuniambia kwamba mwisho wa zamu walikuwa wanapuliza vumbi kwa kompresa, ile mashine ya upepo wa kasi, bila barakoa. Kwake hiyo haikuwa habari. Bernardino Ramazzini, daktari wa Italia, aliwahimiza madaktari wenzake wamuulize mgonjwa kazi yake zaidi ya miaka 300 iliyopita, na bado kadi nyingi ninazoziona zimeandikwa "mfanyakazi".

Spirometa, kifaa cha kupima nguvu ya mapafu, nayo ina ufundi wake. Wengi hupuliza kama wanazima mshumaa. Simama mbele yake, jaza kifua pamoja naye, umhimize "puliza, puliza, bado, bado" hadi sekunde 6 zitimie. Jasho litakutoka wewe kabla yake. Unatafuta mipulizo 3 safi, na miwili bora isipishane zaidi ya mililita 150. Kwa wa pamba, mpime Jumatatu kabla ya zamu na baada ya zamu, maana Alhamisi unaweza usione kitu.

Kwenye kupima usikivu wa masikio niliharibu kazi ya wiki nzima: niliwapima watu katikati ya zamu, wametoka moja kwa moja kwenye mashine za kufuma. Nusu yao wakaonekana viziwi, kumbe ni kelele tu zilizowaziba masikio kwa muda. Ilibidi nianze upya, kila mmoja akiwa amekaa mbali na kelele angalau saa 14.

Sasa jambo ambalo chuoni halisemwi sana. Ofisi ya rasilimali watu itakuomba mafaili, kwa upole, tena huenda na chai juu. Hapa Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri apimishe wafanyakazi wake, lakini haimpi ruhusa ya kusoma magonjwa yao. Unachompelekea ni jibu moja: anafaa, anafaa kwa masharti, au hafai kwa kazi hii. Meneja mmoja aliwahi kuniomba orodha ya wenye VVU "ili tuwasaidie". Nilikataa, akaninunia mwezi mzima. Lakini wafanyakazi waliposikia, ndipo walipoanza kuja kuniambia ukweli.

Kozi za OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, ni mwanzo mzuri, na MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, kuna shahada ya uzamili ya afya ya mazingira na kazini kwa atakayetaka kwenda mbali. Ila usisubiri cheti ndipo uingie kiwandani.

Mzee alihamishiwa stoo ya vitambaa, na kompresa ikapigwa marufuku. Namba zake za spirometa hazijarudi zilipotakiwa kuwa. Jumatatu bado anapita zahanati, ananiamkua kwa utani, "Shikamoo daktari," kisha anauliza kama panadol zimebaki.